Vichezeo vya Watoto Wetu na Mkono wa Mkaguzi

Wiki hii tungependa kuzungumza na wazazi wenzetu, na hasa akina mama, juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya mazito ya ulimwengu, nalo ni vitu vya kuchezea watoto. Ramadhani imefika kati, na baada ya siku chache barabara zinazozunguka Marikiti zitaanza kupangwa midoli, magari ya plastiki, simu zinazoimba, firimbi na bastola. Mtoto wa Mombasa hupewa mkono wa Idd asubuhi, na kabla ya adhuhuri mkono huo umeshageuka kitu chekundu kilichotoka ng'ambo, anakwenda nacho Makadara kuwaonyesha wenzake. Sisi hatuna ugomvi na furaha hiyo. Tunayetaka kumzungumzia ni yule anayepaswa kukitazama kitu hicho kabla hakijafika mkononi mwa mtoto.

Swali lenyewe lilizuka katika darsa ya akina mama tunayoisomesha baada ya swala ya alasiri. Mama mmoja wa Kikachi, ambaye jamaa zake wangali Gujarat, alikuwa amerudi kutoka India kuwatazama wazee, akaja na gari dogo la plastiki kwa ajili ya mjukuu. Alituonyesha alama iliyopigwa kwenye pakiti, akasema kuwa dukani aliambiwa siku hizi India kitu cha mtoto kisicho na alama hiyo hakiuzwi, na kilichotoka nje bila alama hakiingii. Mwenzake aliyekaa karibu na nguzo akadakia: "Sheikh, na sisi wakituletea sheria kama hiyo? Serikali imeshindwa na unga mitaani, leo itaweza midoli?" Wanawake wakacheka, nasi tukacheka nao. Lakini chini ya kicheko hicho kulikuwa na swali la haki: mtawala ana ruhusa gani ya kuingia baina ya mzazi na mwanawe, akasema hiki acheze nacho na hiki asicheze nacho?

Kwa kuwa mfano ulitoka India, na India ni jirani yetu wa bahari tangu zama za jahazi na upepo wa kaskazi, tuanzie huko. Mwezi wa Januari 2009 serikali ya India ilipiga marufuku kwa miezi sita uingizaji wa vichezeo kutoka China, na sababu iliyotajwa ilikuwa afya na usalama wa umma. China ililalamika, na ilipofika Machi mwaka huo huo amri ikalegezwa: kichezeo chenye cheti cha kuonyesha kwamba kimepimwa kwa viwango vinavyotambulika kimataifa kikaruhusiwa kuingia. Miaka kumi ikapita. Mwaka 2019 Baraza la Ubora la India lilichukua sampuli 121 za vichezeo vilivyotoka nje katika masoko ya Delhi na viunga vyake, likazipima, na takriban thuluthi mbili zikaanguka. Februari 2020 ushuru wa forodha wa vichezeo ukapandishwa kutoka asilimia 20 hadi 60, na mwaka 2023 ukafika 70. Na tangu tarehe 1 Januari 2021 ikaanza kazi amri ya ubora, kwamba kila kichezeo cha mtoto wa chini ya miaka 14, kiwe kimetengenezwa nchini au kimetoka nje, sharti kilingane na viwango vya India na kibebe alama yake.

Mwenye kuyatazama haya kwa haraka atayaona ni kamba moja ndefu. Sisi tunaona ni kamba tatu zilizosokotwa pamoja, na afadhali zifumuliwe. Amri ya 2009 ilitazama kitu kimetoka wapi, haikutazama kimetengenezwa na nini, na hukumu ya namna hiyo ina kasoro ile ile ya kumhukumu mtu kwa ukoo wake. Ushuru wa asilimia 70 ni siasa ya biashara. Huenda ukawa na maslahi yake kwa wenye viwanda vya India, lakini ushuru haujui rangi yenye sumu na rangi isiyo na sumu, wala fedha haiwi ulinzi wa mtoto kwa kuvishwa kanzu yake. Amri ya tatu ndiyo tuliyoiona karibu na uadilifu, kwa kuwa imemweka mwenyeji na mgeni katika mizani moja. Na hata hiyo ilihitaji kulainishwa, kwani mafundi wadogo waliosajiliwa waliondolewa katika sharti la alama, wakiwemo wale wa Channapatna, kule Karnataka, wanaochonga vichezeo vya mti mwepesi na kuvipaka rangi ya utomvu. Fundi wa namna ile angedaiwa gharama za maabara, angefunga karakana yake siku ya pili.

Kuna aliyetuuliza kama haya yote si chuki tu kwa bidhaa za China. Hapana, si hivyo, na kisa cha mwaka 2007 kinatosha kuonyesha. Mwaka ule kampuni ya Marekani ya Mattel ilirudisha kutoka madukani duniani kote vichezeo vipatavyo milioni 1.5 vilivyotengenezwa China kwa rangi yenye madini ya risasi. Muda mfupi baadaye ikarudisha vingine zaidi ya milioni 18 kwa sababu ya sumaku ndogo zilizokuwa zikichomoka. Ulimwengu mzima uliinyooshea China kidole. Mwezi wa Septemba mjumbe wa kampuni hiyo akaenda Beijing kuomba radhi, akakiri kwamba vile vya sumaku, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vingi zaidi, kosa lake lilikuwa katika usanifu wa kampuni yenyewe, si kwa fundi wa Kichina aliyefuata mchoro aliopewa. Marekani ikatunga sheria mwaka 2008, na kiwango cha risasi kinachovumiliwa katika rangi kikashushwa kutoka sehemu 600 katika milioni hadi sehemu 90. Sheria ile haikutaja nchi.

Tuseme kidogo juu ya hayo madini, kwa maana akina mama wengi waliposikia "risasi" walidhani tunazungumzia bunduki. Lugha yetu imeyaita kwa jina moja madini yale na kile kinachotoka katika mtutu, na wala haikukosea sana. Risasi hutiwa katika rangi kwa sababu huifanya ikauke upesi, idumu na ing'ae, na zile rangi za manjano na nyekundu zinazomvutia mtoto kutoka mbali ndizo ambazo aghalabu zimetiwa chumvi za madini hayo. Mtoto hutia kila kitu mdomoni. Ndivyo Mola alivyomuumba aujue ulimwengu. Tumbo la mtoto mdogo hunyonya risasi mara nne au tano kuliko tumbo la mtu mzima. Ikishaingia hukaa katika mifupa miaka mingi, na katika ubongo unaokua huharibu kisichorudi: kuhifadhi, kutulia, kujifunza kusoma. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Na jambo lililotusikitisha zaidi tulipolisoma ni kwamba msichana aliyeihifadhi mifupani tangu utotoni huweza, siku atakapobeba mimba, kumpa mtoto aliye tumboni sehemu yake, kwani mifupa ya mama humeng'enywa ili mtoto ajengwe.

Wala asidhani mtu wa Mombasa kwamba hii ni habari ya mbali. Kule Owino Uhuru, upande wa Mikindani, wakazi waliishi miaka kadhaa ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na damu zao na za watoto wao zikakutwa na risasi. Mahakama ilipowapa haki yao mwaka 2020 ilikadiria fidia ya shilingi bilioni 1.3, hukumu ikavunjwa katika rufaa, hadi Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kile hakikuwa kisa cha vichezeo. Tunakitaja kwa sababu mtu akituambia kwamba risasi ni wasiwasi wa Wazungu, tutampeleka akazungumze na wazee wa mtaa ule.

Turudi kwenye swali la ruhusa. Wanafunzi wa madrasa wanakijua kisa cha Mtume (SAW) kupita sokoni Madina, akakuta rundo la nafaka linalopendeza kwa juu, akatia mkono wake ndani, vidole vikatoka na umaji. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Akaambiwa basi kile kilicholowa kiwekwe juu, watu wakione, na akaonywa vikali juu ya ghushi. Tumekisoma kisa hiki tangu utoto, na tafsiri tuliyoizoea ni ya kumuonya muuzaji. Lakini tazameni na kitendo chenyewe. Hakungoja mnunuzi alalamike, wala hakuridhika na uso wa rundo. Kiongozi wa umma alitia mkono wake mwenyewe chini, mahali ambapo mnunuzi wa kawaida hafiki. Katika kazi hiyo ndimo lilimozaliwa jukumu la muhtasibu, mkaguzi wa soko, katika miji ya Kiislamu. Kwa hivyo anayeuliza kama serikali ina haki ya kukagua kichezeo, sisi jibu letu ni kwamba ukaguzi huo ni wajibu kabla haujawa haki, na akiuacha ataulizwa.

Na mchezo wenyewe usidharauliwe kwamba ni upuuzi wa watoto. Imepokewa kwamba Bibi Aisha (RA) alikuwa na wanasesere wake, na miongoni mwao farasi mwenye mbawa za kitambaa, na Mtume alipomuuliza habari za farasi huyo na kusikia jawabu lake, alicheka. Hakuyaona madogo, nasi tusiyaone madogo.

Sasa mkono huo hapa kwetu unafika wapi? Bandari ya Kilindini hupitisha makasha zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na hakuna serikali inayoweza kufungua kila moja. Ndiyo maana tangu mwaka 2005 Kenya imeweka utaratibu wa bidhaa kukaguliwa huko huko zinakotoka kabla hazijapakiwa melini, na Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, hutoa kibandiko cha kuonyesha kwamba bidhaa ya nje imepita. Kwa mwenye kasha zima la bidhaa ya aina moja utaratibu huu unaeleweka. Lakini wengi wa vijana wetu wanaokwenda Guangzhou na Yiwu hawana mtaji wa kasha zima. Hukusanyika kumi au ishirini katika kasha moja: huyu ana mabuibui, huyu vioo vya simu, huyu maua ya plastiki, na katikati yao katoni nane za vichezeo. Kasha la mseto lina nyaraka nyingi na bidhaa nyingi, na ni vigumu mkono wa mkaguzi kufika chini ya rundo la aina ile. Katoni zikishashuka hugawanywa usiku kwa wauzaji wa jumla, na kutoka kwao kwa wachuuzi, na kutoka kwa wachuuzi kwa mwenye mkono wa Idd.

Hapo mwisho wa mnyororo ndipo tulipokutana na jambo hili uso kwa uso. Mwaka jana, siku kumi hivi kabla ya Idd, alitujia baada ya maghribi mama mjane wa mtaani kwetu anayepanga bidhaa kibarazani nyakati za sikukuu. Alikuwa amekopa shilingi 18,000 katika chama, akanunua katoni mbili kwa muuzaji wa jumla. Alikuja na simu moja ya plastiki ya kuchezea, ile inayoimba ukibonyeza. Hakusema neno. Aliigeuza, akatia ukucha, kifuniko kikaruka, na betri tatu ndogo za duara, mfano wa vifungo vya shati, zikaanguka mkekani. Kisha akauliza: "Sheikh, hii ni halali niiuze?" Mjukuu wake wa mwaka na nusu ndiye aliyemfungulia ya kwanza.

Hatari ya betri ile tulikuwa tunaijua kwa kusimuliwa na tabibu. Mtoto akiimeza na ikakwama katika umio, mate huunganisha umeme wake, ikaanza kuunguza nyama, na muda wa saa mbili unatosha kutoboa. Mtoto hulia kidogo, hutoa mate, hukataa kula, na mzazi hudhani ni meno. Mwenye kushuku hivyo asimtapishe, amkimbize hospitali papo hapo, na kama mtoto ametimiza mwaka mmoja na anaweza kumeza, matabibu wanaelekeza apewe asali vijiko viwili vidogo kila dakika kumi huku safari ikiendelea, bila kucheleweshwa kwa ajili yake. Asali hupunguza kuungua, haimtibu. Sumaku nazo zina mlango wake wa balaa: moja huweza kupita, lakini zikiwa mbili huvutana zikiwa katika sehemu mbalimbali za utumbo, zikazibana kuta zake mpaka zikafanya matundu.

Tulimjibu yule mama kwamba muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa hana budi kuibainisha, na kwamba hapa kubainisha hakutoshi, kwa kuwa atakayedhurika ni mtoto asiyefahamu maelezo. Akanyamaza. Halafu akatuuliza swali zito kuliko lile la kwanza: "Basi na deni langu?"

Tulikwenda naye kwa muuzaji wa jumla. Ukutani kwake kuna kile kibao tunachokiona kila duka, cha kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Wenye maduka na wasome vizuri: katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kibao cha namna hiyo hakimwondolei muuzaji dhima ya aibu aliyoijua akaificha, na mnunuzi ana khiyari ya kurudisha. Bwana yule aliapa kwamba hakujua, kwamba naye alizinunua zimefungwa kutoka katika kasha la watu wengi, na sisi hatuna sababu ya kumkadhibisha. Baada ya mazungumzo na chai alikubali kubadilisha sehemu ya mali kwa mipira na kamba za kuruka. Alichokipokea kwa haraka ni bastola, zile za kurusha vigololi vya plastiki, ambazo mama yule naye alikuwa amezitenga. Simu alizikataa.

Kwa nini bastola alizipokea? Kwa kuwa zina soko. Usiku wa Idd tuliziona, au ndugu zake, kibarazani pa mtu mwingine barabara ya pili, zikigombaniwa. Na bastola hizo si mchezo mtupu. Mwaka 2015 huko Afghanistan, katika siku za Idd baada ya Ramadhani, zaidi ya watu 100, wengi wao watoto, waliumizwa macho na vigololi vya bunduki za kuchezea, hata wizara ya mambo ya ndani ikaamuru zikusanywe na kupigwa marufuku. Nchi iliyojaa bunduki za kweli ililazimika kuzipigia marufuku za plastiki.

Hapo ndipo tulipopata jibu la yule mama wa karibu na nguzo, ingawa yeye hakuwa ameuliza bado. Ucha Mungu wa mjane mmoja uliondoa bastola kumi na mbili kibarazani pake, na hasara ikawa yake. Bastola zenyewe zilihama hatua mia mbili tu. Dhamira ya mtu mmoja humwokoa yeye mbele ya Mola wake, wala hatuidogoshi, lakini haifungi njia. Njia hufungwa na mwenye mamlaka, kule juu mnyororo unakoanzia, kwa kila mwagizaji sawasawa, ili mcha Mungu asiwe ndiye anayefilisika huku mwenzake akitajirika. Serikali ikisubiri ikaja na askari wa jiji kumnyang'anya mchuuzi katoni yake mkesha wa Idd, itakuwa imetia mkono juu ya rundo badala ya chini. Aliyeleta kasha ana jina, ana nyaraka, ana ofisi. Mjane ana mkeka.

Na kama sheria kali itakuja, tungependa wanaoitunga wakumbuke wale mafundi wa Channapatna. Kwetu kuna wazee wa Lamu wanaochonga vijahazi, na kuna watoto wenyewe wanaotengeneza magari ya waya na mpira wa matambara. Hatusemi kila cha kwetu ni salama. Gari la waya lina ncha inayoweza kupofua, na tumeona vijahazi vikipakwa mabaki ya rangi ya boti ambayo hakuna ajuaye ina nini. Lakini dawa ya fundi huyo ni kuonyeshwa rangi iliyo safi na kufundishwa kukunja ncha ya waya, si kudaiwa cheti cha maabara ambacho bei yake inashinda mauzo yake ya mwaka.

Nyumbani kwetu, siku mbili kabla ya Idd ile, mama wa watoto wetu na mkaza mwana wetu walikaa na yule mjane wakazipembua katoni. Kanuni waliyoitumia ni rahisi, na kila nyumba inaiweza. Maabara huwa na kikombe maalumu chenye kipenyo cha milimita 31.7, kikadiriwacho kwa koo la mtoto wa chini ya miaka mitatu: kinachozama chote humo ni hatari kwake. Wao walichukua mwanzi wa karatasi ya msalani, ambao ni mpana zaidi kidogo na kwa hivyo ni mkali zaidi katika hukumu. Kila kilichopita kikawekwa kando. Wakavuta macho ya midoli na magurudumu ya magari kwa nguvu za mkono wa mtu mzima. Yaliyochomoka yakawekwa kando. Wakakwaruza rangi kwa ukucha. Iliyobanduka ikawekwa kando, ingawa hapa sharti tuseme ukweli kwamba risasi haijulikani kwa ukucha wala kwa jicho, na rangi isiyobanduka leo si ushahidi. Vifuniko vya betri visivyo na parafujo havikujadiliwa. Kilichobaki kilijaza nusu ya katoni moja, akakiuza chote kabla ya swala ya Idd.

Deni lililobaki lilikuwa shilingi 7,400. Tulilipeleka katika kamati ya zaka ya msikiti, tukasema mama huyu ni katika fungu la wenye madeni: amekopa kwa jambo la halali, hana cha kulipia, na hasara imemfika kwa kujizuia na madhara ya wengine. Wawili miongoni mwa wanakamati walishika kwamba hasara ya biashara ni ya mfanyabiashara, na kwamba tukifungua mlango huo kila mwenye duka ataingia nao. Mjadala ulikwenda mpaka isha. Mwishowe alilipiwa kutoka kisanduku cha sadaka, si zaka, na wanachama wenzake katika chama walimsubiri bila kumsumbua. Sisi tungali na rai kwamba ilikuwa zaka, na tukijaaliwa tutaliandikia suala hilo peke yake wiki nyingine, pamoja na hoja za wale wawili, kwani hazikuwa dhaifu.

Zile simu ishirini na tatu zingali kwetu. Kuzitupa jaani hatukuweza, kwa kuwa jaani nako kuna watoto wanaookota, na chuma na plastiki ndivyo wanavyovitafuta. Mkaza mwana wetu alizifungua moja moja, akazitoa betri, akazifunga kila moja kwa utepe wa plasta ili zisigusane, akazitia katika mkebe wenye mfuniko wa kukaza na kuuweka juu ya kabati. Tumeuliza maduka mawili ya saa na fundi mmoja wa redio. Kila mmoja alitupa anwani ya mwenzake. Anayepajua Mombasa mahali zinapopokelewa betri kuukuu kwa njia iliyo salama, na aliye tayari kutuambia kabla ya katoni za Idd hii hazijaanza kufunguliwa, tutakuwa msikitini kila siku baina ya alasiri na magharibi.